Akilia, Mbebe

Swali linaloulizwa zaidi katika kliniki ya watoto halihusu homa wala kuhara. Mama hulitoa mwishoni, kadi imekwisha kurudi mkobani na mtoto amekwisha kufungwa mgongoni: “Daktari, hivi nikimbeba kila anapolia, simdekezi?” Nyuma ya swali hilo huwa kuna mtu wa tatu. Ni mama mkwe aliyesema mtoto keshazoea mikono, au jirani aliyeshauri aachwe alie apanue mapafu, au baba mtoto anayehofia kwamba mtoto wa kiume akibembelezwa sana atakuwa legelege.

Jibu langu ni fupi. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka haharibiki kwa kubebwa. Anayedeka hupanga: anajua anachokitaka, anajua nani atampa, na analia ili apewe. Mtoto wa miezi miwili hana akili ya kupanga hila ya namna hiyo. Anachokijua ni kwamba mwili wake hauko sawa. Ana njaa, ana baridi, nepi imelowa, usingizi umemzidi, au yuko peke yake. Na huo upweke, kwa mtoto mchanga, ni haja ya mwili kama njaa, kwa sababu bado hawezi kujituliza mwenyewe. Mapigo ya moyo wake, pumzi yake na joto lake hutulia akiwa kifuani mwa mtu.

Tunao ushahidi wa jambo hili, na sehemu yake imepatikana hapa kwetu. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, Muhimbili ikiwamo. Waliochunguzwa ni watoto waliozaliwa na uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Kundi moja liliwekwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa. Kundi la pili lilifuata utaratibu uliozoeleka, yaani mtoto atengwe kwanza kwenye chumba cha uangalizi, na akishatulia ndipo apelekwe kifuani. Katika siku 28 za mwanzo walifariki asilimia 12 ya watoto wa kundi la kwanza, na asilimia 15.7 ya wale wa kundi la pili. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima watoto wengine kifua cha mama. Hakukuwa na dawa mpya wala mashine mpya. Kilichobadilika ni saa ya kumbeba mtoto.

Basi hofu ya kudekeza imetoka wapi? Sehemu kubwa haikutoka kwa bibi zetu. Mwaka 1907, daktari mmoja wa New Zealand, Truby King, alianzisha chama cha kufundisha akina mama malezi ya watoto wachanga. Alifanya mambo mengi mema kuhusu usafi na unyonyeshaji, lakini alitaka mtoto anyonye kwa saa ya ukutani, kila baada ya saa nne, usiku asinyonye kabisa, na kubebwabebwa kupunguzwe. Mafundisho yake yakaenea Uingereza, Australia na Afrika Kusini. Mwaka 1928, Mmarekani John B. Watson, mwanasaikolojia mwenye jina kubwa wakati ule, akachapisha kitabu cha malezi kilichowaonya wazazi wasiwakumbatie wala kuwabusu watoto wao, na kwamba asubuhi inatosha kushikana nao mikono. Vizazi viwili vya wazazi wa Magharibi vililelewa na kulea chini ya kivuli cha ushauri huo. Inanisikitisha kuusikia leo katika vyumba vya Mbagala na Kisumu, ukisemwa kana kwamba ni hekima ya wazee wetu, wakati wazee wetu walikuwa na mbeleko.

Ushauri huo ulipingwa pia na yale yaliyoonekana katika vijiji vya Buganda. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala pamoja na mumewe, aliyekuwa amepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere. Alikuwa amesikia kwamba Waganda huwaachisha watoto ziwa kwa ghafla na kuwapeleka kwa bibi ili walisahau, akataka kuona mtoto hubadilikaje anapotengwa na mama yake. Alipofika alikuta desturi hiyo imekwisha kupungua sana. Badala ya kurudi mikono mitupu, alianza kufanya jambo ambalo halikuwa limezoeleka katika taaluma yake: kwenda majumbani, kukaa sebuleni na akina mama pamoja na mkalimani, saa mbili kila alipokwenda, na kutazama tu. Alizifuatilia familia 26 zenye watoto wachanga 28.

Aliona kwamba mapenzi ya mtoto kwa mama hayaji siku moja. Kwanza mtoto hutulia kwa yeyote atakayembeba. Baadaye huanza kumtofautisha mama kwa sauti, kwa harufu, kwa namna anavyomshika. Halafu humlilia akitoka, humtambalia akirudi, na mwishowe humfanya kituo chake: anatambaa kwenda kuchunguza kuku uani, anageuka kuhakikisha mama yupo, anaendelea na safari yake. Watoto waliofanya hivyo kwa utulivu, na waliolia kidogo, walikuwa na mama wa aina fulani. Ainsworth alipowauliza akina mama hao kuhusu watoto wao, walikuwa na mengi ya kusema. Walijua mtoto akilia vile ana njaa na akilia vile ana usingizi, wakajua jana alikula nini na alishtuliwa na nini. Wale waliokuwa na maelezo machache, kwa mawazo au kwa shida za nyumbani, mara nyingi watoto wao walilia hata wakiwa wamepakatwa. Ainsworth alikichapisha kitabu chake kuhusu utafiti huo mwaka 1967, na mafunzo aliyoyapata Buganda ndiyo aliyokwenda kuyaendeleza Marekani. Huko pia, katika familia 26 za Baltimore, aliripoti pamoja na mwenzake mwaka 1972 kwamba watoto waliojibiwa haraka katika miezi ya mwanzo ndio waliolia kidogo walipokaribia mwaka. Wapo watafiti waliobishana naye juu ya hesabu zake, na mjadala ule ulikuwa mkali, lakini sijaona ushahidi wa kuaminika kwamba mtoto mchanga hujifunza utulivu kwa kuachwa alie.

Huko Kisii, nchini Kenya, Robert LeVine na wenzake walifanya uchunguzi kama huo katikati ya miaka ya 1970. Mama wa Kigusii alimjibu mtoto upesi sana. Akina mama hao walipooneshwa picha za video za mama wa Kimarekani wakichelewa kumwinua mtoto anayelia, walifadhaika. Lakini LeVine aliona jambo la pili ambalo wazazi wa Afrika Mashariki hatuna budi kulisikia bila kuudhika: mama hao walizungumza kidogo na watoto wao wachanga, kwa kuwa waliona mtoto bado haelewi maneno. Mtoto alilishwa, alibebwa, alitulizwa, kisha akaachwa kimya mgongoni. Nami nauona ukimya huo hadi leo kwenye mabenchi ya kliniki, na siku hizi simu imeongezeka. Mtoto wa mwezi mmoja haelewi neno, lakini anaisikia sauti na kuufuata uso. Ukimwambia “Haya, tunavua nguo, tunakoga sasa, maji ya uvuguvugu hayo,” ukanyamaza kidogo, atakujibu kwa jicho au kwa mguno. Mazungumzo huanzia hapo, na lugha hujengwa juu yake. Mpango wa taifa wa Tanzania wa malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, uliozinduliwa Dodoma mwaka 2021, umeweka malezi ya namna hiyo pamoja na lishe na chanjo, na nadhani umefanya vema.

Sasa tuzungumzie kilio chenyewe, maana kumbeba mtoto hakumaanishi kwamba atanyamaza kila mara. Watoto wazima, walioshiba, wasio na ugonjwa wowote, hulia. Daktari Mmarekani T. Berry Brazelton aliwaomba wazazi 80 waandike kila siku mtoto amelia muda gani, akachapisha majibu mwaka 1962. Katika wiki ya pili watoto walilia kwa wastani wa saa moja na dakika 45 kwa siku. Katika wiki ya sita ilifika saa mbili na dakika 45. Ilipofika wiki ya 12 kilio kilikuwa kimeshuka hadi chini ya saa moja. Na sehemu kubwa ya kilio ilikuwa jioni. Mlima huo wa kilio ulionekana hata kwa watoto wa Wasani wa jangwa la Kalahari, waliokuwa wakibebwa karibu kutwa nzima na kunyonya mara kadhaa ndani ya saa moja. Nao pia walizidisha kilio katika wiki hizohizo, ila kila kilio chao kilikuwa kifupi, na kwa jumla walilia karibu nusu tu ya muda wa watoto wa Magharibi.

Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto wa wiki tano, anayeanza kulia magharibi na kuendelea hadi saa nne usiku, miguu ameikunja na uso umemwiva, ajue kwamba yuko karibu na kilele na kwamba mteremko unakuja. Kwetu tunasema ana chango. Anapelekewa dawa ya gesi ya chupa kutoka dukani, maji ya sukari, maji ya mwarobaini. Mahali pengine pwani anapakwa mvuje. Kabla ya miezi sita tumbo lake halihitaji kitu chochote kisichokuwa maziwa ya mama, labda dawa aliyoandikiwa hospitali. Maji na dawa za kienyeji huingiza vijidudu na kumpunguzia nafasi ya maziwa, na asali inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli, ndiyo maana haipewi mtoto kabla ya mwaka mmoja. Chango hupona lenyewe kwa sababu wiki ya 12 inafika, na sifa inakwenda kwa dawa iliyokuwa mkononi siku hiyo.

Linalosaidia ni la zamani. Mnyonyeshe kwanza, hata kama alinyonya nusu saa iliyopita. Mcheulishe. Mfunge kwa kanga, tembea naye, mwimbie. Katika utafiti wa Montreal uliochapishwa mwaka 1986, mama walioombwa kuwabeba watoto wao kwa muda mrefu zaidi kila siku, wakiwa wanalia au hawalii, watoto wao walilia pungufu kwa asilimia 43 katika wiki ya sita, na jioni pungufu kwa zaidi ya nusu. Neno la kuzingatia hapo ni “hawalii”. Mbeleko hufanya kazi vizuri zaidi kabla kilio hakijapanda.

Lakini kabla ya kusema ni chango, mtazame mtoto. Mvue nguo zote. Hili ninalisisitiza kwa kila mzazi, na linachukua dakika mbili tu. Tazama vidole vya mikono na miguu, maana unywele au uzi wa soksi unaweza kukizunguka kidole na kukikaba hadi kikavimba. Ikiwa amefungwa uzi mweusi au shanga kiunoni au mkononi, pitisha kidole chako chini yake uone kama haujambana. Mtoto hunenepa haraka kuliko tunavyokumbuka. Tazama kinena kama kuna uvimbe. Gusa utosi akiwa ametulia: ukiwa umetuna ni dalili mbaya, ukiwa umebonyea sana amepungukiwa na maji. Mguse mikono na miguu. Mtoto wa miezi sita na kuendelea ambaye viganja au nyayo zimevimba, na analia ukimgusa hapo, apimwe selimundu. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 kila mwaka wanaozaliwa na ugonjwa huo, na uvimbe wa viganja na nyayo mara nyingi ndiyo ishara yake ya kwanza, ambayo familia hudhani ni kuumwa na mdudu au kuteguka.

Kuna kilio kinachokuja kwa vipindi: mtoto analia kwa ukali ghafla, anakunja magoti, kisha anatulia na kupauka kama amechoka, halafu kinaanza tena. Akitapika na kinyesi kikawa na damu na ute, utumbo wake unaweza kuwa umeingiana. Hiyo ni safari ya hospitali usiku huohuo, kwa maana anaweza kuhitaji upasuaji.

Na kuna ukimya. Mzazi huogopa kelele, lakini mhudumu wa afya huogopa zaidi mtoto aliyenyamaza. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na haamki vizuri, ana dalili ya hatari na hasubiri asubuhi. Aliye chini ya miezi miwili akipata joto la nyuzi 37.5 au zaidi, au akiwa wa baridi chini ya 35.5, naye hasubiri. Mtoto anayekohoa, hesabu pumzi zake dakika nzima akiwa ametulia, kwa sababu hesabu ya mtoto anayelia haina maana; kwanza mbembeleze, ndipo uhesabu. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi minne, ni nyingi kupita kawaida. Kifua kikibonyea ndani kila anapovuta pumzi, mbebe muondoke.

Katika saa hizo ndipo baadhi ya familia huelekea kwingine. Mtoto ana homa na anahara, na mtu anasema ana meno ya nailoni. Chipukizi za meno zinachokolewa kwenye ufizi kwa kifaa kichafu. Mwingine anakohoa, anakatwa kimeo. Nimeona huzuni ya wazazi waliofanya hivyo kwa nia safi kabisa, kwa kuwa mtoto wao alikuwa analia na waliona lazima wafanye kitu. Hakuna ugonjwa unaoitwa meno ya nailoni. Ufizi uliovimba na kuwa mweupe ni jino linalokuja. Homa yake ni malaria, au nimonia, au maambukizi ya mkojo, au kitu kingine chenye kipimo na dawa, na kidonda cha mdomoni kinamwongezea upotevu wa damu, maambukizi, na maumivu yanayomfanya asinyonye katika saa anayohitaji kunyonya kuliko zote.

Saa ya tatu ya kilio, usiku, nyumba ndogo, wengine wamelala, mtu mzima anaweza kufika mwisho wa nguvu zake. Hili si jambo la kumwonea mtu aibu. Kamwe usimtikise mtoto. Kichwa chake ni kizito na shingo ni laini. Akitikiswa, ubongo hugonga kuta za fuvu na mishipa midogo ya damu hukatika, na hayo yanaweza kumuua au kumwacha kipofu au na ulemavu wa maisha. Ukihisi mikono inataka kutikisa, mlaze chali mahali salama, toka nje ya chumba, vuta pumzi, mwamshe mtu. Kulia dakika kumi juu ya godoro hakujawahi kumuua mtoto. Baba asisubiri kuamshwa. Zamu ya kwanza ya usiku baada ya kunyonyeshwa inaweza kuwa yake, kifua chake kina joto la kutosha.

Na mama ambaye wiki zinapita hana furaha, halali hata mtoto akilala, anamtazama mtoto kama wa mtu mwingine, au anawaza kwamba afadhali asingekuwapo, anaumwa. Ugonjwa huo unaitwa sonona, na katika nchi zenye kipato kama chetu humpata karibu mama mmoja kati ya watano baada ya kujifungua. Unatibika. Mpelekeni, msimwambie ajikaze.

Kati ya mwezi wa saba na wa kumi mtoto aliyekuwa akichekea kila mtu anaanza kumlilia shangazi aliyetoka safari. Shangazi asikasirike. Mtoto sasa anajua nani wake na nani mgeni, na hilo ni kukua. Wakati huohuo mama wengi hurudi kazini au sokoni, na wengi huondoka kwa kunyatia, mtoto akiwa amegeuziwa upande wa pili. Inaonekana ni huruma, maana halii papo hapo. Lakini akigeuka na kukuta mama hayupo, anachojifunza ni kwamba mama anaweza kupotea wakati wowote, basi anang’ang’ania gauni kutwa nzima hata siku usiyotoka. Muage. Mwambie unakwenda na utarudi, mpe dada au bibi anayemzoea, ondoka bila kugeukageuka. Atalia, na atakayebaki naye ambembeleze bila kumfokea. Ukirudi, mshike kwanza kabla ya kushika sufuria.

Kuhusu sindano, nina ombi moja kwa familia nzima: acheni kumtisha mtoto kwa daktari. “Nyamaza, nitamwita daktari akuchome” hunyamazisha kwa dakika moja na kumfanya mtoto wa miaka mitatu ajifiche chini ya kitanda siku ana homa kweli. Chanjo huanza siku anapozaliwa, hurudi katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18, hivyo chumba cha chanjo atakijua sana. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba mtoto anayenyonya anyonyeshwe wakati anachomwa. Maumivu hupungua, na kilio huwa kifupi. Muuguzi akikuambia umtoe ziwani kwanza, mwombe kwa adabu akuruhusu. Mkubwa zaidi apakatwe, asikandamizwe kitandani na watu watatu. Na usimwambie haitauma. Mwambie itauma kidogo na itapita, naye atakuamini siku nyingine.

Mwaka wa pili kilio hubadilika sura. Mtoto ametaka kisu, amenyimwa, amejitupa chini mbele ya wageni anagaragara. Hapa wazazi wanaoniambia “si nilikuambia, amedeka” nawaomba wasubiri. Mtoto wa miezi 18 ana matakwa ya mtu mzima na maneno ishirini ya kuyasemea, na sehemu ya ubongo inayozuia hasira itachukua miaka mingi kukomaa. Kisu asipewe, hata akilia hadi jioni. Lakini kunyimwa kisu na kuchapwa ni mambo mawili. Kaa karibu naye, chini kama yeye, mwambie kwa maneno machache: “Umekasirika. Ulikitaka kisu. Kisu kinakata.” Akianza kutulia, mbebe. Kwa kusikia hasira yake ikitajwa mara nyingi, siku moja ataisema badala ya kuigaragaza.

Baadhi yao, katikati ya kilio hicho, hukata pumzi. Analia, mdomo umebaki wazi, hatoi sauti, midomo inakuwa ya bluu, analegea, pengine anarusharusha mikono, na baada ya sekunde chache anavuta pumzi na kurudi. Nyumba nzima hupiga kelele ya degedege. Kinachotofautisha ni mwanzo wake: kukata pumzi hutanguliwa na kilio, maumivu au kushtuka, wakati degedege ya homa humkuta mtoto hata akiwa amelala. Mlaze kwa ubavu, usimmwagie maji, usimtie kijiko mdomoni, na ikiwa ni mara ya kwanza mpeleke akaonwe. Ukifika, omba apimwe wingi wa damu. Upungufu wa madini ya chuma huongeza hali hii, na watoto wenye upungufu huo wakipewa dawa ya madini ya chuma mara nyingi huacha kukata pumzi au hufanya hivyo kwa nadra. Zaidi ya nusu ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi sita hadi miaka mitano wana upungufu wa damu, kwa hiyo kipimo hicho si cha kubahatisha. Nyumbani mpe maini, dagaa waliosagwa, maharage na mchicha uliokamuliwa limau, na chai yake, kama anakunywa, mwondolee kwenye mlo, kwa sababu majani ya chai huzuia madini ya chuma yaliyomo kwenye chakula yasiingie mwilini.